Alama ya Mwenyewe

Mkataba una kurasa arobaini na mbili.
Nimeuweka juu ya meza ya pasi,
kando ya mashuka ya nyumba ya wageni ya Mkomani,
na kila nikipita naupangusa vumbi
kama mgonjwa asiyejua kama atapona.

Jina lao ni Theluji.
Matawi kumi na manne, Nairobi hadi Mtwapa,
na la kumi na tano, Mola na benki wakipenda,
ni hapa Langoni, kwangu mimi Bunu Shee, dobi,
ambaye theluji nimeiona ndani ya friza tu.

Kijana wao, Mutinda, alikuja na viatu vya kung'aa,
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanisomea kwa adabu:
ada ya kuingia, laki nane, hairudi.
Asilimia sita kila mwezi, ya mauzo, si ya faida;
hata mwezi wa mvua, wageni wasipokuja,
sita yao inakwenda.
Sabuni yao. Mifuko yao. Ukuta wao wa buluu.
Ukurasa wa kumi na tisa: gari moja la kusambazia nguo,
jeupe, lenye jina ubavuni.
Nikamtazama. Akachungulia nje, uchochoroni,
ambamo punda wawili hawapishani
ila mmoja arudi kinyumenyume.
"Hili," akasema, "tutaliangalia."

Usinicheke. Nimelitamani jina hilo.
Moshi wa mkaa umenikaa kifuani.
Hoteli mbili zimenunua mashine zao,
na meneja wa Shela anataka risiti yenye nembo;
mimi nina daftari la mistari
na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Nikampigia Dama wa Mtwapa, tawi la kumi na moja.
Alinyamaza, nikasikia mashine zikinguruma nyuma yake.
"Mwaka wa kwanza jina lilinibeba.
Sasa ni zamu yangu kulibeba."
Halafu: "Ukurasa wa thelathini na tatu umeusoma?"

Umeme ulikuwa umekatika. Rukiya akanimulikia kwa simu.
Tukiachana, nisifue nguo ya mtu kwa malipo
miaka miwili, ndani ya kilomita kumi na tano.
Shela imo. Matondoni imo. Kipungani imo.
Manda, ng'ambo ya maji, imo pia.
Ningebaki na kanzu yangu mwenyewe, niifue bure.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, husema watu.
Wanasema wasiojua. Husitiri.
Miaka kumi na tisa nguo za wenyewe zapita mikononi mwangu
na nimewahi kuvaa moja: koti la hakimu,
usiku wa harusi ya ndugu yangu Kupi.
Lilinikaa. Wallahi lilinikaa!
Watu walinipisha, mtu mzima aliniachia kiti.
Lakini pilau sikuila, kwa kuogopa tone la mchuzi,
na bwana harusi sikumkumbatia, kwa kuogopa mafuta yake.
Alfajiri nikalifua, nikalirudisha,
naye hakimu akanilipa mia mbili, akasifu kazi.

Jana chai ilimwagika kwenye ukurasa wa saini.
Zena akasema, ishara.
Nikasema, kikombe kina ufa.
Nikazikausha kurasa, nikazinyoosha kwa pasi isiyo moto sana,
moja moja, zote arobaini na mbili,
nikazikunja kama kanzu ya Ijumaa.

Kila nyumba ina alama yake kwangu, kwa wino usiotoka:
nukta tatu ni kina Famau,
mkia wa samaki ni mwalimu Athman.
Limewahi kupotea shati moja tu,
na mwenyewe mpaka leo hunikumbusha kwa salamu.
Nikachora alama mpya pembeni mwa bahasha,
chembe ya theluji, kama ile ya friza,
ili mwenye punda asikosee, na wa gatini asikosee:
hiki kina mwenyewe, kirudi kwake.

Huenda nimekosea.
Zena hajanisemesha tangu adhuhuri.
Rukiya anauliza mashine ya mtumba ni bei gani.
Sijui, mwanangu.
Napuliza mkaa.